Tom Wills na mchezo unaogombaniwa

Mabishano juu ya asili ya kandanda ya Kiaustralia (si soka; humo mpira hudakwa kwa mikono na kupigwa kwa mguu) hayaishi, na jina la Tom Wills, mwanakriketi wa karne ya 19 aliyeshiriki kuandika kanuni zake, halikosi humo. Wapo wanaosema aliutoa mchezo huo kwa Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia, aliokulia nao. Wengine wanasema aliuleta kutoka shule ya Rugby, Uingereza, alikosoma. Pande zote zina hoja, ila hazilingani uzito.

Wills alizaliwa mwaka 1835 New South Wales, Australia. Akiwa mdogo wazazi wake walihamia magharibi mwa Victoria, kwenye ardhi ya Waaborijini wa jamii ya Djab Wurrung, naye akacheza na watoto wao hadi akaijua lugha yao. Wenyeji wa Victoria walikuwa na marngrook, mchezo wa mpira wa ngozi ya posamu (mnyama mdogo wa Australia), ambao watu waliruka hewani kuudaka. Maelezo yaliyochapishwa mwaka 1878 yanasema wengine walifika futi tano kutoka ardhini. Ukimwona mchezaji wa leo Melbourne akimpanda mwenzake mabegani ili adake mpira, utashawishika.

Lakini tuangalie karatasi. Julai 1858 Wills aliandika gazetini, Bell's Life in Victoria, akitaka wanakriketi waanzishe klabu ya mpira ili wasilegee majira ya baridi. Mei 1859 yeye na wenzake wakaandika kanuni kumi za klabu ya Melbourne. Humo marngrook haitajwi. Kudaka mpira na kupewa mkwaju huru kulikuwapo katika shule ya Rugby tangu zamani, na ule mtindo wa kupandana mabegani ulishamiri baadaye. Tena mwenzake William Hammersley alikumbuka kwamba Wills alipendekeza kanuni za Rugby, ila hakuna aliyezielewa isipokuwa yeye mwenyewe! Kwangu mimi hilo ndilo pigo zito kuliko yote. Aliyepewa nafasi ya kuleta alichokipenda, alileta cha shuleni kwake.

Watetezi wa marngrook hujibu kwamba mzungu wa wakati ule asingekiri mbele ya mabwana wa Melbourne kuwa kajifunza kwa Waaborijini. Kweli, asingekiri. Ila hoja ya aina hiyo inaweza kuthibitisha chochote, na mwanahistoria Gillian Hibbins aliikataa waziwazi mwaka 2008 dhana kwamba mchezo huo ulitokana na marngrook, akalaumiwa sana.

Nashangaa zaidi kwamba ugomvi huu unafunika mambo yenye ushahidi. Oktoba 1861, huko Cullin-la-ringo, Queensland, Waaborijini waliwaua walowezi 19, akiwemo baba yake Wills. Yeye alinusurika kwa kuwa alikuwa safarini. Wazungu walilipiza kwa kuua Waaborijini wengi zaidi. Miaka mitano baadaye, siku moja baada ya Krismasi ya 1866, Wills huyohuyo aliongoza timu ya kriketi ya Waaborijini katika uwanja mkuu wa Melbourne. Kisha mwaka 2021 ikaibuliwa makala ya Chicago Tribune ya 1895, isiyo na jina la mwandishi, inayodai Wills alishiriki mauaji ya kisasi. Wanahistoria hawajakubaliana kama iaminiwe.

Pombe ilimmaliza, akajiua Mei 1880. Anayetaka kupima uhusiano wake na Waaborijini aanzie 1861 na 1866, kuliko kwenye mpira wa posamu. Marngrook ilichezwa kabla hajazaliwa, na heshima yake haimtegemei yeye.