Saa za mhandisi wa programu anayefanya kazi nyumbani ni za nani?

Vijana wa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala wanaoandikia programu kampuni za nje wakiwa nyumbani hupewa ushauri ambao karibu wote unaanzia kitandani. Amka saa kumi na moja alfajiri, fanya mazoezi, weka simu mbali, kisha gawa kazi katika vipande vya dakika 25 na mapumziko ya dakika tano, utaratibu uliobuniwa na Mwitaliano Francesco Cirillo miaka ya 1980. Si ushauri mbaya. Kinachonisumbua ni kwamba unamchukulia mhandisi kama mtu mwenye mamlaka na saa zake zote, na wengi hawana.

Mchukue aliyeajiriwa na kampuni ya San Francisco. Wenzake wakianza kikao saa nne asubuhi ya kwao, kwake ni saa tatu usiku katika miezi ya baridi ya huko, na saa mbili usiku katika miezi ya joto, kwa sababu Wamarekani husogeza saa zao kila Machi na Novemba na sisi hatusogezi. Wakimtaka awe hewani siku yao nzima, atakesha mpaka alfajiri. Mtu huyo ukimwambia aamke saa kumi na moja, umemwambia asilale. Na hapa hatuzungumzii uchovu peke yake: wakala wa utafiti wa saratani ulio chini ya Shirika la Afya Duniani uliiweka kazi za zamu za usiku, mwaka 2007 na tena 2019, katika kundi la mambo ambayo huenda yanasababisha saratani. Aliyeajiriwa Berlin ana nafuu kubwa. Tofauti ni saa moja au mbili tu.

Wanaotetea ratiba kali wana hoja nzito. Kuandika msimbo, yaani maagizo yanayoiendesha programu, kunataka kichwa kishike mambo mengi kwa wakati mmoja, na kikao cha nusu saa katikati ya asubuhi huyamwaga yote. Paul Graham, mwandishi wa programu na mwekezaji wa Marekani, alilieleza hili mwaka 2009 alipotofautisha ratiba ya meneja, inayokwenda kwa saa moja moja, na ya mtu anayetengeneza kitu, anayehitaji nusu siku isiyokatizwa. Nyumbani kwetu kuna la ziada: anayeonekana barazani mchana huhesabiwa kuwa hana kazi. Atatumwa kubadilisha mtungi wa gesi, ataombwa kumpokea mgeni stendi. Watu wa nyumbani wasipozijua saa zako za kazi, siku inaliwa yote, na hakuna wa kumlaumu.

Upande wa pili unasema mhandisi apimwe kwa kazi aliyokamilisha, si kwa saa alizokaa. Hoja hii ina nguvu zaidi huku kwetu kuliko huko ilikozaliwa. Nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu Mei 12, 2024, intaneti ilizorota Afrika Mashariki, na hakuna nidhamu ya alfajiri ambayo ingeirudisha. Umeme nao hukatika bila kuuliza uko kwenye kipande cha ngapi cha dakika 25. Lakini uhuru huu una mtego wake. Kazi isiyo na saa ya kuanza haina saa ya kwisha. Ujumbe wa Slack, programu ya kuandikiana kazini, unamkuta mtu mezani na familia, naye anajibu, na kesho wanautegemea usiku wake.

Kwa maoni yangu, jambo la kwanza kupanga si saa ya kuamka. Ni saa za kukutana: mbili au tatu kwa siku, zikubaliwe kabla ya kusaini mkataba na ziandikwe humo. Kwa San Francisco, saa mbili mpaka saa nne usiku zinatosha, na asubuhi yote inabaki ya msimbo wakati wenzako wamelala. Kinachoufanya mpango huu usimame ni maandishi. Kiini cha Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta, kimekua tangu 1991 mikononi mwa watu waliotawanyika duniani, wakijadiliana zaidi kwa barua pepe.

Tazama tofauti. Mhandisi amekwama saa nne asubuhi, anaandika: “Habari, upo?” Jibu linaingia usiku: “Ndiyo, nipo.” Siku imekwenda. Mhandisi mwingine aliyekwama vilevile anaandika hivi: “Mteja akibonyeza mara mbili, malipo yanakatwa mara mbili. Nimezuia kitufe baada ya mbonyezo wa kwanza, lakini mtandao ukiwa wa taratibu programu inatuma ombi tena yenyewe. Napendekeza kila malipo yawe na namba yake ili seva ikatae linalojirudia. Nisipoona pingamizi usiku huu, naanza kesho asubuhi.” Anayesoma anaweza kujibu kwa neno moja, na mwandishi amelala usingizi wake.

Hata hivyo maandishi hayamfai kila mtu kwa kiwango kile kile. Watafiti Natalia Emanuel, Emma Harrington na Amanda Pallais waliwachunguza wahandisi wa programu wa kampuni kubwa ya Marekani. Waliokaa jengo moja na wenzao walipata maoni mengi zaidi juu ya msimbo wao, na waliofaidika hasa ni wachanga kazini. Wazoefu, kwa upande wao, waliandika msimbo mchache zaidi, kwa kuwa muda wao ulikwenda kuwafundisha wengine. Kwa hiyo utulivu wa nyumbani ambao mzoefu anausifu unaweza kuwa ndio unaomdumaza aliyemaliza chuo juzi. Huyu ningemshauri akubali vikao vingi zaidi mwaka wa kwanza, aombe mzoefu mmoja apitie msimbo wake naye moja kwa moja kila wiki, na kama uwezo upo alipie meza katika ofisi ya pamoja ambako kuna wahandisi wengine. Na kampuni inayomwajiri mchanga wa mbali bila kumtengea mtu wa kumfundisha inamdhulumu, hata kama inamlipa vizuri.