Mwalimu wa Kiingereza na Uzamili wa Chuo cha Kikristo

Mwalimu aliyefundisha Kiingereza miaka kumi akisema anarudi chuoni kusomea uzamili wa ufundishaji wa Kiingereza, wenzake humwuliza: ya nini? Darasa analimudu, wanafunzi wake wanafaulu. Akitaja kwamba chuo chenyewe ni cha Kikristo, linafuata swali la pili: unakwenda kusomea ualimu au dini? Maswali yote mawili ni ya haki. La kwanza nalijibu bila kusita, na jibu lake limo kwenye daftari la mwanafunzi.

Kuna kosa ambalo kila mwalimu wa Kiingereza amelizungushia wino mwekundu: "she go" badala ya "she goes". Ile s hufundishwa mapema mno, na kanuni yake inaelezeka kwa dakika mbili. Mwalimu anaizungushia leo, anaizungushia wiki ijayo, mwaka unakatika, kosa liko palepale. Asiyejua zaidi ataamua kwamba mtoto ni mzembe, au kwamba yeye mwenyewe hajui kufundisha. Anayesoma jinsi watu wanavyojifunza lugha ya pili atakutana na tafiti za miaka ya 1970 zilizoonyesha kuwa s hiyo ni miongoni mwa viambishi vinavyochelewa sana kukaa katika usemi wa mwanafunzi, hata anapofundishwa vizuri. Atamkuta mwanaisimu Pit Corder, ambaye tangu mwaka 1967 alishawaambia walimu kwamba kosa linaonyesha mwanafunzi amefika wapi katika safari yake. Kisha atafika kwenye mabishano ninayoyapenda kuliko yote katika taaluma hii. Mwaka 1996 mtafiti John Truscott alitoa hoja kwamba kusahihisha sarufi kwenye insha hakuna faida na kuachwe kabisa. Mwaka 1999 mtafiti mwenzake Dana Ferris akamjibu kwamba amehukumu mapema, kwa kuwa yapo masahihisho yanayosaidia yakichaguliwa vizuri na kuwekwa wazi.

Msomaji wa mabishano hayo akiwa kijana aliyetoka moja kwa moja shahada ya kwanza, atayakariri kwa ajili ya mtihani. Akiwa mwalimu ambaye kesho asubuhi ana rundo la insha hamsini mezani, atayajaribu. Nusu ya insha atazisahihisha kwa namna moja na nusu kwa namna nyingine, na wiki mbili baadaye atarudi kwa mhadhiri na swali ambalo halimo kitabuni. Ndiyo maana natetea masomo ya mwalimu aliye kazini kuliko ya aliyeacha kazi akasome. Uchovu upo, na ni mkubwa: Marekani, ambako vyuo vya Kikristo vinavyotoa shahada hizi ni vingi, uzamili wa aina hii kwa kawaida hubeba krediti (vizio vya kupimia masomo) 30 hadi 36, na anayesoma jioni baada ya vipindi anajua kila krediti ina uzito gani.

Swali la dini ni gumu zaidi, na hapo sitaki kuharakisha.

Nianze na kinachonivutia. Mtu mzima anayejifunza Kiingereza ugenini huingia darasani akiwa baba wa watu, fundi, pengine mwalimu huko alikotoka, lakini kinywani mwake ana sentensi za mtoto wa miaka mitatu. Anaulizwa jina, anajibu. Anaulizwa kazi yake, anatazama chini. Isimu, yaani sayansi ya lugha, itakueleza kwa nini maneno hayaji. Haitakuambia unamdai nini mtu huyo kama binadamu, wala anakudai nini wewe. Katika chuo cha Kikristo swali hilo lina kiti chake mezani. Mambo ya Walawi 19:34 inaagiza mgeni apendwe kama mtu anavyojipenda mwenyewe, na mwalimu muumini anaweza kuuanza utafiti wake kutoka hapo bila kuuficha msukumo uliomleta kazini. Mtu akiruhusiwa kufikiri kwa moyo wake wote, hufikiri vizuri zaidi. Naliamini hilo.

Lakini imani hiyohiyo huja na mipaka, na mipaka hiyo imeandikwa. Vyuo vingi vya aina hii vina tamko la imani ambalo wahadhiri hulikubali kabla ya kuajiriwa, na baadhi huwafunga hata wanafunzi kwa masharti ya mwenendo. Desemba 2015 Wheaton College, chuo cha Kikristo cha Illinois, Marekani, ilimsimamisha kazi Larycia Hawkins, profesa wa sayansi ya siasa, baada ya kuandika kwamba Wakristo na Waislamu wanamwabudu Mungu mmoja. Februari 2016 chuo na profesa wakatangaza kuachana. Waliokitetea chuo walisema mkataba ni mkataba, na aliyeusaini aliujua. Hoja hiyo ina nguvu. Hata hivyo mwalimu anayejiandaa kufundisha darasa lenye Waislamu, Wabudha na wasio na dini ana haki ya kujua kama mhadhiri wake yuko huru kufikiri kwa sauti mbele yake.

Lipo na jambo linaloigusa lugha ya Kiingereza yenyewe. Mwaka 2003, katika TESOL Quarterly, jarida la kitaaluma la ufundishaji wa Kiingereza kwa wasiokizungumza tangu utoto, mtaalamu Julian Edge aliwakabili walimu wanaotumia somo la Kiingereza kama mlango wa kuhubiria, akiwataka waiweke nia yao wazi. Naona alikuwa na haki, tena Mkristo ndiye angepaswa kulisema kwanza. Mwanafunzi huyo anaitaka lugha kwa ajili ya kazi, karatasi za ukaazi na shule ya watoto wake. Hawezi kuinuka akaondoka mwalimu akianza mahubiri. Injili anayopewa mtu asiyeweza kuikataa imeshapoteza kitu kabla haijamfikia.

Kilichofuata ndicho kinachonipa matumaini. Mwaka 2004 Kitty Purgason wa Biola University alijibu katika jarida lilelile, akionyesha kwamba walimu hao Wakristo si kundi moja lenye nia moja. Mwaka 2009 Mary Shepard Wong wa Azusa Pacific University alishirikiana na mwanaisimu Suresh Canagarajah kuhariri kitabu ambamo walimu Wakristo na wakosoaji wao wanajibizana. Biola na Azusa Pacific ni vyuo vya Kikristo. Kwa hiyo anayesema vyuo hivi haviwezi kustahimili ukosoaji amekosea, sawa na anayedhani vyote vinaustahimili kwa kiwango kimoja.

Mimi ningemwambia mwalimu aende, kwa masharti. Ithibati aihakiki kabla ya kulipa senti, maana shahada isiyotambuliwa haitamsaidia hata kama maombi ya asubuhi yalikuwa matamu. Tamko la imani alisome lote, mstari kwa mstari, kisha aulize nani analisaini na nini humpata anayebadili mawazo katikati ya safari. Aulize kama utafiti wa darasa lake mwenyewe unaruhusiwa kuwa tasnifu.

Na aombe kuonyeshwa tasnifu tatu nne za waliomtangulia. Afungue sura ya matokeo. Akikuta mwalimu aliyeandika kwamba njia aliyoiamini haikufanya kazi, au kwamba wanafunzi wa imani nyingine walijiona wageni katika darasa lake, na msimamizi akaipitisha kazi hiyo ikawekwa maktaba kila mtu aisome, hapo ajaze fomu.