Nani kasema historia si yao?

"Wamekaririshwa tu hao." Hilo ndilo jibu nililolipata kwenye grupu letu la WhatsApp nilipotuma habari za Back to Back Theatre, kundi la waigizaji wenye ulemavu wa akili kutoka Geelong, Australia, lililotunukiwa tuzo ya Simba wa Dhahabu kule Venice, Italia, mwaka 2024, na mchezo wao kuhusu Ujerumani ya Hitler. Aliyejibu ni mtu mzima, msomi, mwenye watoto. Akaongeza: "Kwani wanamjua hata Hitler ni nani?" Wenzetu wakamwaga vicheko. Maneno yale yamenichoma, na grupu si mahali pa kuyajibu.

Kukariri ndiyo kazi ya mwigizaji. Anayecheza mfalme hasailiwi kwanza kama anaujua utawala, na anayecheza daktari haulizwi cheti. Mtihani wa kuelewa hutungiwa mwenye ulemavu peke yake, tena hutungwa na mtu asiyejisumbua kutazama kazi yake.

Angetazama, angekuta swali lake limeshafika jukwaani kabla yake. Mchezo wao wa mwaka 2011, Ganesh Versus the Third Reich, unamfuata mungu wa Kihindu mwenye kichwa cha tembo akisafiri hadi Ujerumani ya Wanazi kuidai swastika, alama takatifu waliyoipora. Lakini sehemu kubwa ya mchezo ni mazoezi ya mchezo wenyewe. Waigizaji wanazozana kama wana haki ya kuyaigiza mauaji ya Wayahudi. Wanabishana kama mwenzao mmoja anaweza kutenganisha hadithi na ukweli. Na mwongozaji wa ndani ya mchezo, mhusika asiye na ulemavu anayezidi kuwa mkali kila mazoezi yanavyosonga, anavigeukia viti na kuwashutumu watazamaji kwamba wamekuja kutazama vioja vya watu.

Sasa turudi kwa Hitler. Mnajua walioanza kuuawa kwa gesi ni akina nani? Ni watu kama hawa. Mwaka 1940, kabla kambi za maangamizi hazijajengwa, watu wenye ulemavu wa akili na wagonjwa wa akili walikuwa wakitolewa hospitalini na kwenye makao ya malezi, wanapakiwa kwenye mabasi, wanapelekwa kwenye vituo vya kuulia kama Grafeneck na Brandenburg. Vituo vilikuwa sita. Hadi Agosti 1941 walikuwa wameuawa zaidi ya 70,000, na baada ya hapo mauaji yaliendelea kwa njaa na kwa dawa. Madaktari ndio waliopitia fomu na kuamua nani afe. Familia zililetewa barua yenye ugonjwa wa kubuni, na wengine wakatumiwa majivu. Baadhi ya waliofanya kazi hiyo ndio waliopelekwa baadaye kwenye kambi za maangamizi za Sobibor na Treblinka.

Kwa hiyo mwigizaji mwenye ulemavu wa akili anapoiingia historia ile, anaingia mahali ambapo yeye mwenyewe angeandikiwa kifo. Kama yupo mtu ambaye historia hii si yake, basi huyo si yeye.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba kuna hatari. Bruce Gladwin, aliyeliongoza kundi hilo kwa miaka mingi kama mkurugenzi wa sanaa, hana ulemavu huo, na wapo waongozaji duniani wanaopenda kuwatumia watu hawa ili wao waonekane wana huruma. Lakini Back to Back, lililoanzishwa mwaka 1987, linawalipa waigizaji wake kama wasanii wa kazi, na kazi zao wanazitunga pamoja. Kule Uingereza nako, Blue Apple Theatre walizunguka na Hamlet mwaka 2012, mhusika mkuu akiwa ni Tommy Jessop, mwenye Down syndrome, hali ya kuzaliwa inayoleta ulemavu wa akili.

Huku kwetu wanafunzi wa kitengo, yaani kitengo cha elimu maalumu shuleni, wana kazi moja kila mahafali: wimbo wa kumkaribisha mgeni rasmi. Wanapangwa mstari, wanaimba ubeti mmoja, wanapigwa picha, wanarudishwa kwenye mabenchi ya nyuma na soda zao. Igizo la Majimaji wanapewa wengine. Niliwahi kumwona binti mmoja wa kitengo akiwa amekaa pembeni wakati wa igizo hilo, midomo yake ikitamka kila neno la mganga kabla mwigizaji hajalitamka. Alikuwa amelishika lote kwa kusikiliza mazoezi kupitia dirishani. Hakuna aliyekuwa amemuuliza kama anataka kucheza.

Walimu watasema mazoezi na watoto hawa huchukua muda mrefu. Ni kweli. Back to Back nao huchukua miaka kuandaa mchezo mmoja. Basi kamati ya maandalizi iwape watoto wa kitengo igizo la Majimaji tangu Januari, mwigizaji wa mganga wakimchagua wao wenyewe, na kama mahafali yatafika halijaiva, wapewe siku yao muhula unaofuata, wazazi wote waitwe.