Punguza Mwendo Kwenye Kona

Uongozi wa ofisi yetu ulipobaini kwamba tathmini ya utendaji kazi ya kila mwaka inawavunja watumishi moyo badala ya kuwajenga, ulimwalika mtaalamu atupe semina. Mtaalamu yule alikuwa na mengi ya maana. Alitueleza kwamba mwaka 2012 kampuni ya Adobe iliachana na utaratibu wa kumpima mtumishi mara moja kwa mwaka, ikaweka mahali pake mazungumzo ya mara kwa mara kati yake na msimamizi wake, na kwamba mwaka uliofuata Microsoft nayo iliufuta mfumo uliomlazimu msimamizi kumweka mtu fulani daraja la chini hata kama kikosi kizima kimefanya vizuri. Alisisitiza kwamba mrejesho utolewe mapema na utaje tendo mahususi, na kwamba suala la mshahara litengwe na mazungumzo ya kumwendeleza mtu, kwa sababu anayesubiri kusikia nyongeza yake hasikii kingine chochote.

Uongozi ulisikiliza yote hayo, ukachukua moja tu: lugha chanya. Mkutano ulibaki wa mara moja kwa mwaka, mshahara ukabaki kwenye ukurasa wa mwisho, ila sasa maoni ya wasimamizi yalipelekwa kwanza ofisi ya rasilimali watu, ambako yalisafishwa hadi neno la kuudhi likaisha. "Anachelewa kazini" likawa "anayo nafasi nzuri ya kuukaribia muda". Mtumishi mmoja aliyegombana na wateja aliandikwa kwamba ana sauti inayosikika.

Mimi ni mhasibu. Ofisini kwetu yupo pia dereva ambaye majina yake na yangu ni yaleyale, la kwanza hadi la mwisho, na barua zetu zimezoea kubadilishana meza. Siku ya kikao changu mkuu wetu alinikaribisha vizuri, akavaa miwani, akaanza kuisoma fomu kwa sauti ya upole aliyofundishwa kwenye semina.

"Ndugu yangu, mwaka huu umetubeba salama."

Nilishukuru.

"Hata njia ilipoharibika, ulijua pa kupitia."

Nilikumbuka miezi ile ambayo fedha zilichelewa kuingia, nikaona kwamba hatimaye kuna mtu aliyeuona uchungu wangu. Ndipo akafika kwenye sehemu ya maboresho, akasoma kwamba ninayo nafasi nzuri ya kupunguza mwendo kwenye kona, na kuacha umbali wa kutosha kati yangu na aliye mbele yangu. Aliye mbele yangu kwa cheo ni mhasibu mkuu, na nilianza kujiuliza ni nani aliyemnong'oneza kwamba nakitamani kiti chake. Akaendelea: usafi wa ndani ni wa kupigiwa mfano, wa nje uongezwe. Nilijikuta nikiinyoosha kola ya shati. Mwisho nilishauriwa nisisubiri taa iwake ndipo niongeze mafuta, na hapo mkuu alivua miwani, akanitazama kwa huruma ya kweli.

"Hili limenigusa. Mtu asingoje kuishiwa nguvu. Lini mara ya mwisho umekwenda likizo?"

Tulikubaliana kwamba kona yangu ni mwisho wa mwezi, maana ndipo kazi inapokunja. Lengo likaandikwa: kila mwisho wa mwezi nipunguze mwendo, nihakiki kila hati upya. Nilitia saini, naye akatia yake.

Wanasaikolojia Avraham Kluger na Angelo DeNisi walipokusanya matokeo ya tafiti nyingi kuhusu mrejesho, waliandika mwaka 1996 kwamba kwa wastani unasaidia, lakini katika zaidi ya theluthi moja ya matukio utendaji ulishuka. Mimi niliingia katika theluthi hiyo kwa miguu yote miwili. Mishahara ya mwezi ule ilichelewa, na walioijia juu ofisi yangu niliwajibu kwa utulivu kwamba niko kwenye kona.

Mwenzangu naye alikuwa amesomewa yake. Alisifiwa kwa kufunga vizuri, jambo alilolielewa kuwa ni milango, kisha akaelekezwa kwamba chochote kisitoke bila hati yenye saini mbili, na tofauti yoyote, hata ndogo, itafutwe hadi ipatikane. Dereva yule ni mtu wa kutii maandishi. Asubuhi mkuu alipokuwa anawahi ndege, tena siku ya mwisho wa mwezi, alizima injini getini, akamkabidhi fomu ya safari. Mkuu alitia saini. Ya pili ilikuwa yangu.

Fomu ilipofika mezani niliisoma kwa mwendo tuliokubaliana, nikagundua kwamba kilomita zilizoandikwa hazilingani na za safari iliyotangulia. Dereva aliposikia neno "tofauti", alisema gari haliondoki. Tulikwenda pamoja kukisoma kipimo cha kilomita, tukapekua daftari la safari ukurasa kwa ukurasa, huku mkuu ameketi kiti cha nyuma na mkanda ameshaufunga. Ndege iliondoka. Alipouliza ni nani aliyetutuma kufanya upuuzi ule, kila mmoja wetu alitoa fomu yenye saini yake. Alizisoma zote mbili palepale, na alipofika kwenye mafuta alimtazama dereva, akanitazama mimi, akafungua mkanda.

Ofisi ya rasilimali watu ililinganisha fomu zetu, ikajibu kwamba hakuna cha kurekebisha, kwa kuwa alama zilikuwa sawa: nne kwa kila kigezo, kuanzia uadilifu hadi utunzaji wa vifaa. Mwaka 1920 mwanasaikolojia Edward Thorndike alionyesha kwamba maofisa wa jeshi waliomwona mtu kuwa mzuri kwa sifa moja walimpandishia alama hata kwa sifa nyingine zisizohusiana nayo, lakini wale angalau walikuwa wakimfikiria mtu mmoja.

Mkuu alituita upya bila fomu. Aliniambia kwamba niliwahi kuirudisha ankara iliyokuwa imeshalipwa, nikaiokoa ofisi isilipe mara mbili, na kwamba barua pepe zangu ni ndefu kiasi kwamba yeye huishia kwenye salamu. Kilikuwa kikao kifupi, na nilitoka nikijua la kufanya.

Mafunzo, hata hivyo, yalikuwa yameshalipiwa. Mimi nilipelekwa kwenye udereva wa kujihami, nikafeli kurudi nyuma. Dereva alipelekwa kujifunza kulinganisha hesabu za benki, akarudi na cheti cha daraja la kwanza, na sasa kila nikimpa fedha ya mafuta hunisubiri mlangoni hadi aone nimeiingiza kitabuni.