Chanjo hutuliza wasiwasi, kituo kikiendeshwa vizuri

Machi 2022, Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa kuwa wasiwasi na sonona viliongezeka duniani kwa asilimia 25 katika mwaka wa kwanza wa UVIKO-19. Haishangazi basi kwamba waliochanjwa walishusha pumzi. Nchini Marekani msongo wa mawazo ulionekana kupungua hata baada ya dozi ya kwanza, kabla kinga haijakamilika. Mzigo uliotuliwa ni ule wa kuwaza kila siku: nikiugua itakuwaje, nitamwambukiza nani nyumbani?

Ila nafuu hiyo haiji yenyewe, na kituo chenyewe kinaweza kuiharibu. Ukipanga foleni ili kila mtu amwone mwenzake akidungwa, akizimia mmoja hofu inapita hadi mkiani. Aprili 2021, vituo 5 vya Marekani viliripoti matukio 64 yaliyotokana na wasiwasi ndani ya siku 3. 17 kati yake ni watu waliozimia. Pazia na mlango tofauti wa kutokea vingesaidia.

Anayeogopa sindano aseme mapema, achanjwe akiwa amejilaza. Akaze misuli ya mapaja, tumbo na mkono usiodungwa kwa sekunde 10 hadi 15, ailegeze kidogo kwa sekunde 20 hadi 30, arudie mara 5. Kuzimia hutokea kwa sababu shinikizo la damu linashuka ghafla. Kukaza misuli hulipandisha. Kuhema harakaharaka, ambako wengi hudhani kunasaidia, huongeza kizunguzungu.

Zile dakika 15 za kusubiri baada ya chanjo zisipuuzwe. Ngozi iliyopauka, jasho baridi na mapigo ya polepole huashiria kuzimia: mlaze, inua miguu. Vipele, midomo kuvimba na kupumua kwa shida ni mzio mkali; hapo adrenalini, dawa ya dharura ya mzio, ichomwe pajani mara moja.

Kuna wanaotaka maudhi madogo ya chanjo, kama homa na uchovu, yasitajwe. Sikubaliani nao, ingawa hoja yao ina msingi: katika majaribio ya chanjo hizi, takriban asilimia 35 ya waliodungwa sindano isiyo na chanjo walilalamikia uchovu, kichwa na mengineyo baada ya dozi ya kwanza. Matarajio pekee yanaumiza. Lakini mtu asiyeambiwa, akipatwa na homa usiku peke yake, ataogopa maradufu na dozi ya pili hataifuata. Mwambie kwamba homa ikija huisha kwa siku moja au mbili, na umpe namba ya kupiga ikizidi hapo.