Mtungi usiotoa jasho

Mtungi wa Ladi Kwali, mfinyanzi wa Nigeria, uliotiwa gilezi haufai kwa maji ya kunywa, na nasema hivyo kwa heshima zote. Mtungi wa kawaida hupoza maji kwa sababu udongo wake una vitundu vidogo mno. Maji hupenya taratibu hadi nje, hukauka, na yakikauka huondoka na joto. Gilezi, ule unga wa madini unaoyeyuka tanurini ukawa utando wa kioo, huziba njia hizo zote. Mtungi hautoi jasho tena, na maji yake yatabaki vuguvugu.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba kituo cha ufinyanzi cha Abuja kiliboresha kazi ya mama huyu. Alizaliwa miaka ya 1920 katika kijiji cha Kwali, katikati ya Nigeria, akajifunza kufinyanga kwa wanawake wa ukoo wake. Mwingereza Michael Cardew, aliyeanzisha kituo hicho, aliiona mitungi yake kwanza katika jumba la Emir wa Abuja, mji ambao siku hizi unaitwa Suleja. Kwali alijiunga na kituo mwaka 1954, mwanamke wa kwanza pale. Mwenye kituo, basi, alimkuta fundi kamili.

Alichopewa ni tanuri lenye joto linalopita nyuzi 1,200, badala ya moto wa wazi wa kuni na nyasi, pamoja na gilezi. Mengine yote alikuja nayo. Gurudumu alifundishwa, lakini mitungi hii mikubwa aliijenga kwa mkono: akitoboa bonge la udongo kwa ngumi, akivuta kuta zake juu, akiongeza miviringo minene, huku akiuzunguka mtungi kinyumenyume. Mtungi ulitulia; aliyezunguka ni yeye. Kisha nakshi: alikata mistari kwenye udongo mbichi, akaviringisha vijiti vilivyochongwa meno, akachora mijusi, nge, samaki, nyoka na ndege.

Hapa ndipo gilezi inapopata sifa yake. Ikiyeyuka hutiririka, hukusanyika ndani ya mikato na kuwa nzito, na juu ya matuta hubaki nyembamba. Mjusi ambaye kwenye mtungi mkavu ungemtafuta kwa kidole, hapa anajitokeza mwenyewe, hasa mikato ikiwa imejazwa udongo mweupe kabla. Uso ule wenye mikwaruzo ndio unaoipa gilezi kazi. Ipake juu ya ukuta laini, utapata mng'aro tu, kama sahani ya dukani.

Kwa hiyo ni biashara ya kubadilishana: toa ubaridi wa maji, pokea mjusi. Mimi ningekubali, ila nisiite maendeleo. Magdalene Odundo, mfinyanzi mzaliwa wa Nairobi aliyekuwa akisoma Uingereza, alikwenda Abuja katikati ya miaka ya 1970, akajifunza kujenga vyombo kwa mkono mbele ya Kwali. Aliporudi Uingereza hakuifuata gilezi. Vyombo vyake huvipaka udongo mwororo, akavisugua hadi ving'ae, kisha moto ukaamua: penye hewa ya kutosha vinatoka vyekundu, paliponyimwa hewa vinakuwa vyeusi. Aliona kazi yenye gilezi na isiyo na gilezi, akachagua.

Nigeria imemweka Kwali nyuma ya noti ya naira 20, akiwa kazini na mtungi wake, na hilo napenda kuliko medali aliyopewa na Waingereza. Makumbusho nayo yana mitungi yake, yakiwemo ya Victoria and Albert, London. Ombi langu kwa wanaopanga kabati za makumbusho popote ni dogo: msiusogeze ukutani. Nakshi zake zinauzunguka mtungi mzima, na anayesimama mbele ya kioo huona nusu. Wekeni katikati ya chumba, chini kidogo, watu wapite pande zote.