Usianze na Tovuti, Anza na Oda

Nembo yangu ya kwanza ilikuwa nzuri kuliko biashara yenyewe. Ilichorwa ikarudiwa mara nne kwa sababu sikuipenda rangi ya kijani, na kila mara nililipa bila kinyongo. Baada ya hapo nikanunua kikoa, yaani jina la tovuti mtandaoni, nikalipia kwa mwaka mzima nafasi kwenye seva, kompyuta ya kuhifadhia tovuti, nikatafuta mtu wa kunitengenezea tovuti yenye kurasa sita. Ukurasa mmojawapo uliitwa “Kuhusu Sisi”. Hao sisi ni mimi peke yangu.

Nilikuwa nauza mikoba ya kubebea laptopu. Siku tovuti inafunguliwa, pesa iliyobaki ilitosha mikoba saba.

Oda ya kwanza ilikuja wiki ya tatu, na kwenye tovuti haikupita kabisa. Mtu alioneshwa na rafiki yake picha niliyoweka kwenye statasi ya WhatsApp, akaniandikia: “Zipu ni ya chuma au ya plastiki?” Nikafungua picha zangu zote kumi na mbili. Zote zilipigwa kwa mbele, mkoba umesimama, taa nzuri, na hakuna hata moja iliyoonesha zipu. Nikausogeza mkoba dirishani, nikapiga picha ya zipu kwa simu, kidole changu kikionekana pembeni, nikatuma. Jioni ile akalipa. Kati ya wateja wanne wa mwanzo, watatu waliulizia zipu.

Hilo ndilo jambo ambalo nembo na kurasa sita hazikuweza kuniambia. Ndiyo maana mtu akiniuliza, ana mtaji kiduchu, aanze na tovuti ya aina gani, namwambia aiache kwanza. Pesa ikiwa kidogo, itumie kununua majibu: nani yuko tayari kulipa, anauliza nini kabla ya kulipa, na nini kinamfanya aghairi dakika ya mwisho. Majibu hayo yanapatikana kwa kitu kimoja cha kuuza, picha chache za kweli na namba ya simu inayojibiwa.

Mwaka 1999 huko Marekani, Nick Swinmurn alitaka kujua kama watu watakubali kununua viatu mtandaoni bila kuvijaribu. Hakujaza ghala. Alikwenda kwenye maduka ya viatu, akaomba kupiga picha, akaziweka kwenye ukurasa wake. Mtu akiagiza, anarudi dukani, ananunua kiatu kile kwa bei ileile ya wateja wote, anakituma. Faida hakuna. Biashara hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa Zappos, na mwaka 2009 Amazon ikainunua. Watu hupenda kuisimulia kama hadithi ya ujanja. Mimi ninachokiona ni mtu aliyekubali kupata hasara ndogo ili asije akapata kubwa. (Baadaye alipata wawekezaji, tusijidanganye kwamba picha peke yake ndizo zilizomfikisha huko.)

Wapo watakaosema bila tovuti huaminiki. Kwa kazi fulani ni kweli: ukiuza huduma kwa kampuni, mtu wa manunuzi atakutafuta mtandaoni kabla hajakujibu, na asipokuona anaendelea na mwingine. Lakini anayenunua mkoba mmoja anaangalia vitu vingine. Umejibu baada ya dakika tano au kesho yake? Picha ni yako au umeichukua kwa mtu? Mzigo ukiwa na kasoro, utaupokea? Hayo hayahitaji seva.

Kuhusu vya bure, sina ubishi, vipo vingi. WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, ni bure, WooCommerce ya kuigeuza kuwa duka ni bure, na cheti cha usalama cha tovuti, kinacholinda mawasiliano yake na wateja, hupatikana bure kwa Let's Encrypt, shirika linalotoa vyeti hivyo, kwa hiyo anayekuuzia cheti cha kawaida kwa bei ya kutisha mwulize maswali. WhatsApp Business, iliyotoka mwaka 2018, haitozi kitu kwa duka dogo na ina sehemu ya kupanga bidhaa. Ila soma maandishi madogo. Kikoa huuzwa kwa bei ya chini mwaka wa kwanza, na mara nyingi mwaka wa pili bei inapanda. Na akaunti ya mtandao wa kijamii si mali yako. Wakiifunga asubuhi, wateja wako wote wamefungwa humo. Namba za wateja wangu nimeziandika kwenye daftari la karatasi, na ni kitu cha kwanza nitakachokimbia nacho nyumba ikiwaka moto.

Tena daftari hilo lina kazi nyingine, maana wahenga walishasema mali bila daftari hupotea bila habari. Mtandaoni hupotea kwa njia ambayo muuzaji wa dukani haijui sana. Tuseme unauza kitu kwa 100. Kimekugharimu 60, kufunga na kusafirisha 10, makato ya malipo 4, tangazo 12. Unabaki na 14. Ukiuza kumi unaona una 140 na unaanza kupiga hesabu za simu mpya. Sasa mzigo mmoja tu urudi. Umemrudishia mteja 100 zake, 10 za kuupeleka zimekwenda, umelipa 10 nyingine za kuurudisha, makato mara nyingi hurudishiwi, na tangazo halirudi kamwe. Umepoteza 36, na wale tisa wamekuingizia 126. Unabaki na 90. Mzigo ukirudi umechanika na hauuziki tena, 60 ya bidhaa nayo imekwenda, unabaki na 30 kwa kazi ya mwezi.

Mimi mzigo wangu wa kwanza kurudi ulitokana na neno moja. Niliandika “inchi 15.6”, mteja akapima laptopu yake kwa rula kutoka kushoto kwenda kulia, akaona haifiki hapo, akaagiza mkoba mdogo zaidi. Inchi zile ni za kioo, tena hupimwa kona hadi kona kwa mshazari, hazisemi lolote kuhusu upana wa mashine. Mkoba haukuingia. Nililipa usafiri mara mbili kwa kosa la maelezo yangu mwenyewe. Siku hizi naandika urefu, upana na unene kwa sentimita, na kwenye picha naweka rula. Hiyo rula imeniokolea pesa nyingi kuliko nembo.

Kwa hiyo mtaji wangu ningeugawa hivi ningerudi nyuma: chini ya nusu kwenye bidhaa, kidogo sana kwenye muonekano, na kilichobaki nakifungia kwa ajili ya mizigo itakayorudi na awamu ya pili ya kununua. Wengi hukwama hapo kwenye awamu ya pili. Mzigo wa kwanza umeuzika, oda zinaingia, na pesa ya kununua mwingine imeshaliwa, nyingine kwa matangazo yaliyoleta “bei gani?” mia moja na mnunuzi mmoja.

Na usihesabu marafiki. Rafiki ananunua kukuunga mkono, anasifia, harudi. Anza kuhesabu kuanzia mtu wa kwanza asiyekujua aliyelipa bila kupunguziwa, na ukifikisha kumi wa aina hiyo tuzungumze habari za tovuti.

Ile yangu niliacha muda wake uishe. Sasa hivi kila siku najibu swali lilelile la vipimo kwa watu saba, wanane, mpaka kidole kinauma, na nadhani hatimaye kuna kazi ya kuipa. Nitanunua kikoa kingine mwezi ujao. Ukurasa utakuwa mmoja, na picha ya juu kabisa itakuwa ya zipu.